Hakuwa Kibaraka Yule Mpiga Tarumbeta

Mwaka 1995, katika mji wa Toms River, jimbo la New Jersey nchini Marekani, kijana wa miaka 15 aitwaye Ricky Riccardi alikuwa akitazama filamu ya zamani. Filamu hiyo ya mwaka 1954 yahusu maisha ya Glenn Miller, kiongozi wa bendi aliyevaa sare wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaongoza bendi ya jeshi la anga, hata ndege yake ikapotea baharini Desemba 1944. Katikati ya kisa hicho anatokea mtu mweusi mwenye tabasamu pana, tarumbeta mkono mmoja na leso nyeupe mkono wa pili. Anapiga na kuimba kwa dakika chache tu, kisha filamu yaendelea na mambo yake. Lakini kijana yule hakuendelea nayo. Glenn Miller alikuwa amekwisha kumtoka akilini.

Mtu yule alikuwa Louis Armstrong. Kijana akaenda maktaba ya umma, akaazima kaseti ya nyimbo zake, na humo akakutana na wimbo mrefu uitwao St. Louis Blues, uliorekodiwa mwaka 1954. Tangu siku hiyo akawa shabiki wa kufa na kupona.

Kama ilivyo desturi ya mashabiki, alitaka kujua habari zote za mpenzi wake. Akasoma vitabu, akasoma magazeti ya zamani ya muziki wa jazi. Ndipo alipopata mshangao. Waandishi wengi walikubaliana kwamba Armstrong alikuwa bingwa asiye na mfano kati ya mwaka 1925 na mwisho wa miaka ya 1920, na kwamba baada ya hapo alijiuza. Alikuwa, kwa maneno yao, mchekeshaji aliyebwaga sanaa ili awafurahishe Wazungu. Sasa, zile nyimbo za kwenye kaseti, ambazo zilimwamsha kijana kama buruji ya alfajiri, karibu zote zilikuwa za miaka hiyo hiyo iliyodharauliwa. Mmoja wao alikuwa amekosea, ama kijana au vitabu. Ricky Riccardi alitumia miaka 15 iliyofuata kutafuta ni nani.

Kabla ya kuisikiliza hukumu yake, yafaa kumfahamu mshitakiwa.

Louis Armstrong alizaliwa tarehe 4 Agosti 1901 katika mtaa wa maskini mjini New Orleans. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, akiwa mtoto wa miaka 11, alichukua bastola ya nyumbani akafyatua risasi hewani barabarani kusherehekea mwaka mpya. Polisi wakamkamata papo hapo. Alipelekwa katika nyumba ya kurekebishia watoto weusi, iliyosimamiwa na mtu aliyewahi kuwa askari, na ambayo iliendeshwa kijeshi kwa gwaride, filimbi na buruji. Mwalimu wa bendi, Peter Davis, hakumpenda hapo mwanzo, lakini baadaye alimpa buruji aipulizie nyumba nzima saa za kuamka, kula na kulala, kisha akampa koneti. Alipotoka alikuwa na kazi mkononi. Pengine hakuna mkamato wa polisi ulioleta faida kubwa kuliko huo katika historia ya muziki.

Mwaka 1922 aliitwa Chicago na mwalimu wake King Oliver, na kuanzia Novemba 1925 akaanza kurekodi santuri kwa jina lake mwenyewe. Kabla yake, bendi za jazi zilipiga kwa pamoja, kila chombo kikijisokota ndani ya vingine. Armstrong alifundisha kwamba mpigaji mmoja anaweza kusimama peke yake mbele na kusimulia kisa kamili kwa chombo chake, chenye mwanzo, kilele na kikomo. Vilevile aliimba kama anavyopiga, akichelewesha neno hapa na kulikimbiza pale, na waimbaji wengi waliokuja baada yake, weupe kwa weusi, walijifunza kwake. Juu ya jambo hili wahakiki hawakugombana kamwe.

Ugomvi ulianza mwaka 1947, alipovunja bendi yake kubwa na kuunda kikundi cha watu sita, kilichoitwa All Stars. Kikundi hicho kilichanganya weusi na weupe jukwaani wakati majimbo ya kusini hayakuruhusu watu wa rangi mbili kukaa meza moja. Kwa zaidi ya miaka 20 walizunguka dunia, karibu kila usiku mji mwingine. Na kila usiku Armstrong alitabasamu, alizungusha macho, alijifuta jasho kwa leso, alitania. Vijana wa muziki mpya wa jazi, waliopiga huku wamekunja uso, waliona aibu. Mwaka 1949 Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta hodari wa kizazi kipya, alisema katika gazeti la muziki kwamba mzee huyo ni kama mtu wa mashamba ya watumwa. Mwaka huo huo Armstrong alikubali kuwa Mfalme wa Zulu katika sherehe za mji wake. Tangu utotoni aliihesabu heshima hiyo kuwa ya juu kuliko zote, lakini mfalme huyo hupakwa uso rangi nyeusi na kuzungushiwa nyeupe midomoni na machoni. Watu wa New Orleans walielewa kwamba ule ulikuwa mzaha wa kuwakejeli wafalme wa kizungu wa sherehe hizo. Magazeti ya weusi wa miji ya kaskazini hayakuelewa hivyo, wala hayakutaka kuelezwa.

Neno walilomwita likawa moja: Mjomba Tom. Jina hilo latokana na riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka 1852, na kwa Wamarekani weusi ni tusi kubwa. Katika lugha yetu tungesema kibaraka.

Hapo ndipo shabiki alipoingia. Riccardi alisomea historia ya jazi katika Chuo Kikuu cha Rutgers, na tasnifu yake ya shahada ya pili ilihusu miaka ile ya mwisho ambayo wengine waliona haifai kusomwa. Baada ya hapo alipaka nyumba rangi ili kupata riziki, huku akiendelea kusikiliza na kuandika. Hakuwajibu wahakiki kwa matusi, jambo ambalo mashabiki wengi hulikimbilia. Aliwajibu kwa tarehe.

Utetezi wa namna hiyo usingaliwezekana bila Armstrong mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa na kinasa sauti, nacho alisafiri nacho. Nyumbani kwake katika mtaa wa Corona, New York, aliacha mamia ya tepu alizorekodi yeye mwenyewe: mazungumzo na mkewe Lucille na rafiki zake, vichekesho ambavyo haviwezi kuchapishwa katika gazeti la jamaa zenye watoto, santuri zake akipiga tarumbeta juu yake, na hasira zake pia. Aliacha na vitabu vya vipande vya magazeti, vya sifa na vya lawama. Tepu zile zilifunguliwa kwa watafiti katika miaka ya 1990. Mtu anayesikika humo si yule wa tabasamu peke yake. Ni mtu aliyejua kila neno lililosemwa juu yake, lilivyosemwa na aliyelisema.

Tuchukue shitaka la ukibaraka. Septemba 1957, katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, wanafunzi tisa weusi walikuwa na haki ya mahakama ya kuingia katika shule ya sekondari iliyokuwa ya weupe. Gavana Orval Faubus akaweka askari wa ulinzi wa jimbo langoni kuwazuia. Rais Dwight Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika kuikomboa Ulaya, alikawia kuchukua hatua. Tarehe 17 mwezi huo Armstrong alikuwa katika mji mdogo wa Grand Forks, huko North Dakota. Mwandishi wa gazeti la mji huo, Larry Lubenow, mwanafunzi wa miaka 21, alikatazwa na mhariri wake asiulize habari za siasa. Akaingia chumbani mwa mwanamuziki pamoja na chakula cha usiku kilichoagizwa, akauliza habari za siasa.

Armstrong alifumuka. Alisema kwamba jinsi serikali ilivyowatendea watu wake huko kusini, serikali hiyo iende jehanamu. Alisema Rais ana nyuso mbili na hana moyo wa ushujaa. Gavana alimwita jina ambalo mwandishi na mwanamuziki walikaa pamoja kulitafutia badala linaloweza kuchapwa. Akasema pia kwamba hatakwenda tena Urusi, ambako Wizara ya Mambo ya Nje ilitaka kumpeleka aipambe nchi, maana wenyeji wakimwuliza kuna nini kwao, atajibu nini?

Shirika la habari halikuamini. Mpiga tarumbeta mwenye tabasamu anasema hivyo? Likamtaka Lubenow athibitishe. Kesho yake asubuhi kijana akarudi hotelini pamoja na mpiga picha, akamwonyesha Armstrong maandishi yake. Mzee akayasoma, akaandika chini yake neno moja la kukubali, akatia sahihi. Habari ikaenea nchi nzima siku hiyo.

Gharama ilikuja upesi. Vituo vya redio viliacha kupiga nyimbo zake, mwandishi mmoja mashuhuri wa makala aliwataka watu wasusie maonyesho yake, na msimamizi wake wa safari aliwaambia waandishi kwamba Armstrong amejuta. Armstrong akakana hadharani: hakujuta chochote. La kushangaza ni kwamba hata baadhi ya weusi wenzake hawakumwunga mkono. Sammy Davis Jr., mwimbaji maarufu, alimlaumu kwamba amepiga miaka mingi mbele ya wasikilizaji waliotengwa kwa rangi, sasa yu nani wa kusema? Wanamuziki wengi mashuhuri waliohesabiwa kuwa majasiri kuliko yeye walikaa kimya wiki ile.

Tarehe 24 Septemba Eisenhower aliwaondoa askari wa ulinzi wa Arkansas chini ya amri ya gavana, akawatia chini ya amri yake, na akatuma askari wapatao 1,000 wa miamvuli wa Divisheni ya 101. Siku ya pili yake watoto wale tisa walipanda ngazi za shule wakizungukwa na bunduki zenye singe. Msomaji aliye jeshini atatambua uzito wa jambo hilo: askari wale wale waliowekwa langoni kuzuia sheria sasa waliamriwa kuilinda. Armstrong akampelekea Rais simu ya maandishi ya kumsifu. Haifai kusema kwamba mpiga tarumbeta ndiye aliyewatuma askari. Lakini haifai pia kusema kwamba alikuwa kimya.

Riccardi aliyapanga mambo haya pamoja na mengine ambayo wahakiki waliyapita. Mwaka 1956 jimbo la Louisiana lilipitisha sheria ya kuwakataza weusi na weupe kupiga muziki pamoja hadharani, na Armstrong akaacha kupiga katika mji aliozaliwa hadi 1965, baada ya sheria ya haki za raia ya 1964. Februari 1957, mjini Knoxville, mtu alirusha baruti nje ya ukumbi alimokuwa akipiga. Mshindo ulipotikisa jengo, Armstrong aliwaambia watu watulie, ni simu tu inayolia. Mwaka 1965, akiwa Denmark, aliona habari za polisi wa Alabama wakiwapiga waandamanaji wa Selma, akasema mbele ya waandishi kwamba hata Yesu wangempiga kama angekuwa mweusi na akaandamana.

Hata hivyo si kila lawama ilikuwa ya bure, na shabiki mwaminifu hana budi kulikubali hilo. Armstrong alipiga nyimbo zile zile miaka nenda miaka rudi, na mizaha ile ile ilifuata nyimbo zile zile. Wahakiki waliomfuata mji kwa mji walichoka. Juu ya hili Riccardi ana jibu lenye uzito: alisikiliza rekodi za maonyesho ya usiku mwingi, akaona kwamba Armstrong alitengeneza kipande chake kama fundi anavyotengeneza kiti, akikirekebisha hadi kitimie, na kikiisha kutimia hakuona sababu ya kukivunja. Hoja hiyo haihitaji mjuzi wa jazi kuielewa. Bendi ya kikosi hupiga wimbo wa kikosi ule ule kila gwaride, na hakuna ofisa aliyewahi kulalamika kwamba ameusikia mwaka jana.

Liko na jambo zito zaidi, nalo latuhusu Waafrika. Mwezi Mei 1956 Armstrong alikwenda Accra, akapiga mbele ya umati wa watu wapatao laki moja, akamwona mwanamke afananaye na mama yake marehemu, akaamini kwamba asili yake ni huko. Mwaka 1960 alirudi kwa safari ndefu ya bara letu iliyolipiwa na kampuni ya soda ya Pepsi-Cola na serikali ya Marekani. Ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zote bado chini ya Waingereza. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo alifika Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa, akabebwa juu kwa juu katika kiti cha enzi, ngoma zikirindima. Wakati huo huo, katika mji huo huo, Patrice Lumumba alikuwa amezingirwa nyumbani kwake. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yametanda nchini. Baadaye Armstrong alipelekwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika Katanga iliyojitenga, na alipenda kusema kwa fahari kwamba vita vilisimama ili pande zote zimsikilize.

Utafiti uliofanywa tangu hapo umeonyesha kwamba mabalozi na majasusi wa nchi yake walinufaika na safari hiyo, ambayo iliwapa sababu ya kuketi na viongozi wa Katanga bila kuitambua serikali yao. Hakuna ushahidi kwamba mpiga tarumbeta alijua. Alitumiwa. Lakini kutumiwa na kuwa kibaraka si kitu kimoja, na yule aliyeikatalia serikali hiyo hiyo safari ya Urusi miaka mitatu kabla hawezi kutajwa kama mtu asiyejua kusema hapana. Hapa utetezi wa shabiki unayumba kidogo, kwa kuwa ni vigumu kumtetea mtu kwa mambo aliyofichwa. Waafrika wa Kongo waliompokea kwa shangwe nao walifichwa mambo hayo hayo.

Kuhusu muziki wenyewe, tarehe zenyewe zinasema. Mwezi Mei 1964, akiwa na umri wa miaka 62, wimbo wake Hello, Dolly! uliwaondoa Beatles katika nafasi ya kwanza Marekani, wakati ambapo ilidhaniwa hakuna wa kuwaondoa. Mwaka 1967 alirekodi What a Wonderful World. Mkuu wa kampuni ya santuri hakuupenda, hakuutangaza, na katika Marekani haukuuza hata nakala 1,000 mwanzoni, ingawa Uingereza uliongoza mwaka 1968. Wamarekani waliusikia vizuri katika filamu ya mwaka 1987 kuhusu mtangazaji wa redio ya jeshi huko Vietnam. (Filamu hiyo yaonyesha mwaka 1965, ambapo wimbo ulikuwa bado haujaandikwa, lakini watengenezaji wa filamu hawakuwa na kalenda.) Mwimbaji hakuuona ushindi huo. Alikuwa amefariki dunia tarehe 6 Julai 1971, na mwili wake ulilazwa katika jengo la kikosi cha saba cha jeshi la akiba mjini New York, ambako watu wapatao 25,000 walipita kumwaga.

Baadhi ya waliomshitaki waliondoa mashitaka wenyewe. Dizzy Gillespie, ambaye baadaye alikuwa jirani yake mtaani Corona, aliandika katika kumbukumbu za maisha yake mwaka 1979 kwamba alimhukumu vibaya. Lile tabasamu, alikiri, lilikuwa njia ya mzee ya kukataa kuruhusu chochote, hata ubaguzi, kimnyang'anye furaha ya maisha. Wahakiki walikawia zaidi, na vitabu vya miaka ya 1980 viliendelea kuomboleza kipaji kilichopotezwa katika vichekesho.

Kitabu cha Riccardi juu ya miaka ya mwisho ya Armstrong kilitoka 2011. Kufikia wakati huo hakuwa tena mpaka rangi. Mwaka 2009 aliajiriwa kutunza hazina ile ile ya tepu na vipande vya magazeti, na bado yuko hapo, katika jumba la makumbusho lililo nyumba ya Armstrong mwenyewe. Aliandika vitabu vingine viwili, cha 2020 na cha 2025, akirudi nyuma hadi utotoni.

Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Grammy kwa maelezo aliyoandika ya mkusanyo wa nyimbo ambazo Armstrong alizirekodi katika studio za Columbia na RCA Victor kati ya 1946 na 1966, yaani miaka ile ambayo vitabu vilimwambia asiisikilize. Miongoni mwa nyimbo hizo imo St. Louis Blues ya mwaka 1954, ile ya kwenye kaseti ya maktaba.